Mashine Saba na Zulia Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimesugua magurudumu ya mashine yangu niiitayo Bibi kwa msasa tangu asubuhi. Kutu imetoka yote. Chini yake chuma kinang'aa kama sahani ya wageni. Mikono inauma, roho imetulia.

Saa nane Mzee Elkana, mzee wetu wa kanisa, akasimama mlangoni pa stoo na karatasi mkononi. Hakuingia. Huwa haingii, anaogopea suti yake grisi. Kamati ya majengo imekaa. Kanisa limenunua viti vya plastiki na hakuna pa kuviweka ila stoo yangu. Niliposema "yangu" akanisahihisha. Ni ya kanisa. Nilipewa tu nihifadhi vyuma vyangu kwa vile ndimi ninayefagia. Miaka sita nimefagia, kwa hiari, na sijawahi kulalamika. Leo nalalamika.

Mashine zitoke kabla ya Sabato ya Wageni, tarehe ishirini na tisa. Zisipotoka, mwenye gari la chuma chakavu atakuja kuzizoa kesho yake, Jumapili.

Nyumba yangu ni vyumba viwili. Kimoja kitanda, kingine jiko na kuku. Mashine saba za kufyonza vumbi haziingii hata ukizisukuma kwa maombi.

Nimekasirika. Gurudumu la mwisho nimelisugua mpaka msasa ukatoboka.

Jumanne, 4 Machi

Nimemfuata Mzee Elkana kwake kabla hajamaliza chai. Nikamwambia hivi: mashine yangu moja ikisafisha lile zulia jekundu la mimbari mbele ya kamati, stoo ibaki yangu. Zulia lile lina vumbi la miaka. Ufagio unalipapasa tu.

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Alikuwa mwalimu mkuu, na mpaka leo anacheka kama mtu aliyeshika majibu ya mtihani mfukoni.

"Penina, nyar Gwassi," akasema. Wazee wa hapa Kendu Bay huniita hivyo, binti wa Gwassi, kwa sababu ndiko nilikozaliwa. "Hizo vakyumu zako hakuna hata moja inanguruma. Na kwako hata zulia huna. Unakusanya za nini?"

Swali hilo naulizwa na kila mtu. Sijawahi kulijibu.

Lakini amekubali. Kamati itakuja kutazama Jumatano ya tarehe kumi na tisa.

Ni kweli hakuna inayonguruma. Tatu zilikuwa nzima mpaka radi ya Januari iliposhuka kwenye waya wa stoo ikaziunguza kwa pamoja. Nililia siku ile. Tatu nyingine nilizipata bila mota. Amebaki Bibi. Radi ilipopiga alikuwa mezani, tumbo wazi, hajaunganishwa na chochote.

Bibi ndiye mkongwe wa zote. Mpini mrefu, mfuko wa kuning'inia nyuma, taa puani. Wamisionari walimleta kutoka Amerika kabla sijazaliwa. Nyumba yao ya zamani ilipobomolewa mwaka jana nilimkuta jikoni. Kuku alikuwa ametagia ndani ya mfuko. Mayai manne.

Alhamisi, 6 Machi

Migori. Nimempeleka Bibi kwa Chacha, fundi wa kusuka mota. Mkuria mmoja mpole, mnene wa vidole, mchache wa maneno. Alifungua, akanusa, akatikisa kichwa. Nikajua.

"Mama, hii ilikunywa stima mara mbili ya nguvu yake," akasema. Stima ya Amerika ni nusu ya yetu. Mtu fulani, miaka hiyo, alichomeka Bibi moja kwa moja ukutani. Nyaya zote zimeungua, nyeusi kama ugali ulioshika sufuria.

Nikauliza, ndio mwisho? Akaniangalia kama nimemtukana. Ataisuka upya kwa waya mwembamba zaidi, mizunguko mingi zaidi, ili ile stima yetu isimdhuru. Anataka wiki moja.

Nimemwacha Bibi kwenye benchi lake katikati ya mota za vinu vya posho. Nimerudi na gunia tupu. Ni ujinga, lakini nilijisikia nimelaza mtu hospitali.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya maandalizi. Nimefagia kanisa, nimepanga vitabu vya nyimbo, nimechemsha maharagwe ya kesho.

Kila Ijumaa jioni balbu yangu hufifia mpaka inakuwa rangi ya kiini cha yai. Ni pasi. Mtaa mzima unapiga pasi nguo za Sabato kwa wakati ule ule, na transfoma ni moja. Kisha jua linapozama Mzee Elkana anagonga rimu ya lori iliyotundikwa nje ya kanisa. Sabato imeingia. Pasi zote zinazimwa, na balbu yangu inaruka nyeupe. Miaka kumi na miwili anaigonga, na hajawahi kukosea hata dakika moja. Hilo nampa.

Jumapili, 9 Machi

Brashi ya Bibi ilikuwa imeliwa na panya. Imebaki gogo la mti lenye matundu. Nimeomba mkia wa ng'ombe kwa mchinjaji. Akauliza ni dawa ya nini. Nikamwambia ni ya vumbi. Akanipa, akarudi nyuma hatua moja.

Nimeosha nywele zile kwa sabuni mara tatu. Nimezifunga mafungu madogo, nimezishona kwenye matundu kwa uzi wa kushonea viatu. Ngumu kiasi, laini kiasi. Nimepitisha kiganja juu yake. Safi.

Belti nimekata kwenye tyubu ya pikipiki. Ya kwanza nyembamba, ikakatika. Ya pili pana, ikakwama. Ya tatu imekaa.

Najisifu, kwani nani mwingine atanisifu?

Alhamisi, 13 Machi

BIBI ANANGURUMA.

Naandika kwa herufi kubwa na sioni haya. Chacha alichomeka plagi, akabonyeza, na mota ikaamka bila kukohoa. Halafu taa ya puani ikawaka! Kumbe aliitia balbu ya stima yetu bila kuniambia. Chacha akasema neno kwa Kikuria ambalo sikulielewa, na akacheka. Sikujua anaweza kucheka.

Waliokuwa wakisubiri mota za vinu vyao vya posho walipiga makofi. Mmoja akauliza inasaga nini.

Jumatatu, 17 Machi

Umebaki mfuko. Ule wa zamani ulioza, na kuku walimalizia. Siku mbili zimebaki na madukani sijapata kitambaa cha maana.

Nimeshona kwa neti ya mbu. Hapa kwetu neti inafanya kazi zote isipokuwa kuzuia mbu. Inafunika miche, inafunga banda la vifaranga, inaanikiwa omena, dagaa wetu wa ziwa. Hii yangu mwenyewe niliianikia omena msimu uliopita. Nimeikunja mara nne. Hewa itapita, vumbi litabaki. Kama mbu hapiti, vumbi litapita wapi?

Sikuijaribu. Nyumbani stima imepotea tangu mchana. Lakini nina hakika.

Jumatano, 19 Machi

Sina hakika na kitu chochote tena.

Kamati ilikuja, watu watano. Mzee Elkana alivaa suti yake ya rangi ya maziwa. Akasimama nyuma yangu kabisa, aone vizuri. Nikabonyeza. Bibi akanguruma, taa ikawaka, kamati ikashtuka. Nikasukuma hatua tatu juu ya zulia.

Vumbi liliingia kwa mbele na kutoka kwa nyuma. Lote. Vumbi la miaka kumi, na ndani yake unga wa omena uliokuwa umejificha kwenye mikunjo ya neti. Nilipogeuka sikuona suti. Niliona macho mawili na wingu.

Kamati ilicheka mpaka mmoja akaketi chini. Mzee Elkana hakucheka. Alitoka nje akijikung'uta, na paka wa jirani akamfuata.

Uamuzi: mashine zitoke. Gari la chuma chakavu Jumapili, tarehe thelathini.

Alhamisi, 20 Machi

Sitaki kuandika.

Miaka thelathini na moja nilifanya kazi ya usafi katika hoteli Homa Bay, kumi na tano nikiwa mkubwa wa wengine. Nimefundisha wasichana jinsi ya kubadilisha mifuko. Kila mmoja nilimwambia: kitambaa kizito, kilichofumwa kwa kubana. Halafu mimi mwenyewe nashona neti. Haraka na majivuno, basi. Hakuna sababu nyingine.

Jumapili, 23 Machi

Nimefungua sanduku chini ya kitanda. Nguo yangu ya kazi, ile ya buluu. Kitambaa kizito cha drili, kilichofumwa kwa kubana. Nilikuwa nimeiweka nizikwe nayo. Hilo sijamwambia mtu.

Nimeishika muda mrefu. Hoteli ilipobandua mazulia na kuweka vigae, mashine zilitupwa nyuma ya jikoni pamoja na maganda ya ndizi. Mimi na mashine zile tulikuwa tumesukumana kwenye korido hizo tangu nikiwa msichana. Mshahara uliosomesha watoto wangu ulitoka kwenye mpini ule. Siwezi kutazama kilichonilisha kikitupwa na maganda. Nilibeba mbili siku ile. Ndivyo nilivyoanza. Jibu la lile swali ni hilo tu, na sijui kwa nini naona aibu kulisema.

Nimechukua mkasi. Mgongo na kifua vimetosha mfuko mzima. Mfuko wa kifuani, wenye jina langu lililotariziwa kwa uzi mweupe, sikuubandua.

Hata kama ni bure. Bibi hatakwenda kwenye gari lile uchi.

Jumanne, 25 Machi

Nimemwaga unga wa mahindi kwenye saruji ya jikoni. Nimewasha. Mfuko umevimba, mshono umeshika, na nyuma hakuna hata chembe. Sakafu safi kabisa.

Nimekaa chini nikacheka peke yangu. Halafu nikakumbuka kamati imeshaamua, nikaacha.

Zile sita nimezifuta na kuzipanga mstari stooni, tayari kwa Jumapili. Bibi nimemleta nyumbani, analala kando ya kitanda changu. Atakayemtaka ataanza na mimi.

Jumamosi, 29 Machi

Jua limezama, Sabato imetoka, sasa naandika. Jana sikuweza. Sabato ilikuwa imeingia. Tena iliingia mara mbili. Nianze mwanzo.

Jana saa kumi kanisa lilikuwa tayari kwa wageni. Maua yamepangwa, madirisha wazi. Vijana wa vipaza sauti wakajaribu mitambo yao, wakaenda kuoga, wakaacha taa zote zinawaka na mlango mkuu wazi. Ilikuwa siku ya mwezi mpya, mvua imetoka kunyesha, mawingu yametia kiza, upepo unatoka ziwani. Mtu aliyezaliwa hapa angejua. Sami walikuja. Wale wadudu wadogo wa ziwa, wingu zima kama moshi wa tanuri, wakafuata taa, wakaingia.

Kuta zikawa nyeusi. Zulia jekundu halikuonekana. Akina mama wa kwaya walikimbia na mafagio. Kwenye saruji sawa. Lakini sami ukimkanyaga au kumfagia kwenye zulia anapasuka, anaacha ute wa kijani na harufu ya samaki wa juzi. Kila ufagio ulivyopita ulizidi kupaka.

Saa kumi na mbili nilikuwa naonja chumvi ya maharagwe. Mzee Elkana akatokea mlangoni bila koti, sami hadi masikioni.

"Nyar Gwassi, ile kitu yako iko wapi?"

Niliona raha. Mungu anisamehe, niliona raha sana. Nikamuuliza kitu gani, kile chuma chakavu?

Akatazama chini. "Penina. Tafadhali."

Nikamwambia sawa, lakini abebe yeye. Akabeba. Mzee wa kanisa, mwalimu mkuu mstaafu, amemkumbatia Bibi kifuani katikati ya barabara, watu wanasimama kutazama. Mimi nyuma na waya wa ekstensheni.

Nikachomeka. Bibi akatoa mlio mzito, wa chini, wa ng'ombe mgonjwa. Taa ikawaka nyekundu kama kaa la moto. Mfuko ukajaa nusu, ukalala. Saa ya ukutani: kumi na mbili na dakika ishirini. Jua linazama saa moja kasoro dakika kumi, na baada ya hapo hakuna kazi, hata dunia ijae sami.

Nikasema, "Ni pasi, Mzee. Mtaa wote unapiga pasi."

Akanitazama. Akatazama saa. Akatazama jua, lilikuwa bado kidole kizima juu ya maji. Akatoka nje upesi.

Halafu nikaisikia rimu. Ngo. Ngo. Ngo. Miaka kumi na miwili bila kukosea dakika, na jana Mzee Elkana aligonga Sabato iingie jua likiwa bado linachoma.

Pasi zilizimwa. Niliona kwa macho yangu. Taa ya Bibi ilitoka nyekundu, ikawa ya njano, ikawa nyeupe, na mota ikapanda mpaka vioo vikatetemeka. Mfuko ukavimba wote. Mfuko wangu wa kifuani, wenye jina langu, ukatuna nyuma ya mpini kama vile mimi mwenyewe nimevuta pumzi.

Nikasukuma. Nyuma yangu kulikuwa na njia nyekundu. Nikageuza, njia ya pili. Sami walikuwa wanaingia mfukoni kwa maelfu, wakavu, bila kupasuka. Ile brashi ya mkia wa ng'ombe ikakwangua hata ute wa kijani, na chini yake vumbi la miaka. Jasho linaingia machoni. Sikuwahi kusukuma vile hotelini. Kule tulisukuma wageni wakiwa wametoka, kazi yetu ilikuwa kutoonekana. Jana milango yote ilijaa watu.

Walikuwa wamekuja kugomba. Wengi walishika mashati yaliyopigwa pasi upande wa mkono mmoja tu. Mama mmoja alimwonyesha Mzee Elkana jua kwa kidole, akauliza lile ni nini. Yeye amesimama mlangoni na nondo yake ya chuma ya kugongea rimu.

"Mimi nimegonga chuma tu," akasema. "Sijasema kitu."

Nilipomaliza ilikuwa saa moja kasoro robo. Dakika tano zimebaki. Nikachomoa plagi. Kimya. Zulia lote jekundu, jekundu ambalo wengine hawakuwahi kuliona tangu lilipotandikwa. Kisha kwaya ikapiga vigelegele mpaka nikaziba uso kwa leso. Nje, Mzee akagonga rimu mara ya pili, na safari hii jua lilikuwa limezama kweli.

Nilishinda. Naliandika tena nilione. Nilishinda.

Leo wageni walijaa. Hawakujua lolote, mpaka Mzee Elkana aliposimama kabla ya matangazo akaungama mbele ya kanisa zima. Alisema aligonga kabla ya wakati, kwa makusudi, na anaomba radhi kwa Mungu na kwa kila mwenye shati la mikunjo. Kanisa likaangua kicheko. Hata mchungaji. Halafu akaniomba nisimame. Nilisimama. Nilikaa nimesimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumapili, 30 Machi

Asubuhi tulivu. Nimemwaga mfuko nyuma ya nyumba. Sami debe zima. Kuku wamekula mpaka wakalala chini.

Gari la chuma chakavu halikuja. Mzee Elkana alilirudishia njiani. Viti vitakaa kwenye ghala lake la mahindi mpaka kanisa lijenge. Ameniletea ufunguo wa stoo, na ule wa akiba ambao haukuwahi kuwa wangu. Kesho naanza na moja ya zile tatu za radi. Chacha ameshasema nilete.

Mzee alikuwa amebeba kitu kingine begani, kimeviringishwa, kimefungwa kamba. Kipande cha zulia jekundu. Kilibaki siku walipotandika mimbari, akakiweka kwake bila kujua kitafaa nini.

"Sasa sitauliza tena," akasema. Akakataa chai, akaenda zake.

Nimekitandaza kando ya kitanda. Kimetosha kabisa. Nimevua viatu nikasimama juu yake kidogo. Kisha nimemleta Bibi, nikawasha. Hakikuwa na vumbi lolote. Nimepitisha hata hivyo, kwenda na kurudi, polepole.